Pale Mama Alipoketi

Juzi, huko Rau, niliona wakazi wakiulizwa vyoo vyao vichimbwe wapi, nikamkumbuka mama. Mchana mmoja, nilipokuwa mtoto mdogo, shamba letu lilinukia udongo uliolowa. Wageni wa mradi walipigilia kigingi karibu na mimea ya masale, nyuma ya nyumba yetu, bila kumuuliza mtu. Mama aliweka jembe chini, akaketi palepale. Nilidhani amechoka.

“Mama, hapa ndipo tutachimba choo,” mgeni mmoja alimwambia.

“Hapa amelala mwanangu wa kwanza,” mama alijibu taratibu.

Mgeni alivua kofia, akachuchumaa mbele yake. “Pole sana, mama. Tuonyeshe wewe pa kuchimba.”

Mama aliinuka, akawapeleka nyuma ya zizi. Mimi niliondoka pale kwa kunyata, nisije nikamwamsha kaka.