Linki Kumi na Moja za Injinia Cañiza

Derlis Cañiza alikuwa na kadi zilizoandikwa "Injinia Mwandamizi wa Java", na alizigawa hata kwetu sisi tuliokaa naye chumba kimoja pale manispaa kwa miaka tisa. Mimi ninazo nne.

Siku moja mkurugenzi alimwomba kitu kidogo: ukurasa wa tovuti wenye orodha ya huduma zetu kumi na moja. Mwananchi abofye jina la huduma, fomu yake ifunguke. Nimia Roa, karani wa masjala aliyekuwa akijifundisha programu kwa vitabu vya kuazima, akauliza, "Si tuziandike tu kwa mkono, Injinia? Kabla ya chakula cha mchana tumemaliza."

Derlis alimtazama kama mtu aliyemkanyagia zulia kwa matope. "Binti, hapa hatuuzi mikate ya chipa barabarani. Orodha itajijenga yenyewe kutoka kwenye hifadhidata. Huduma zikifika elfu kumi, utaandika kwa mkono?"

Huduma zimekuwa kumi na moja tangu nilipoajiriwa nikiwa na nywele.

Basi akajenga. Wiki ya kwanza alichora mishale ubaoni. Wiki ya tatu aliomba kompyuta mpya, akapewa. Wiki ya sita orodha ikatokea, imenyooka, ya buluu, na mkurugenzi akaleta keki. Tulipiga makofi majina yalipomulikwa ukutani. Hakuna aliyebofya hata moja.

Jumatatu asubuhi ña Zunilda, mama wa dirisha namba mbili, aliingia bila kubisha. "Injinia, nina wachumba pale nje. Wamebofya 'Ndoa', wamepewa fomu ya kuzika."

"Wamebofya vibaya."

"Na mwenye bucha? Leseni ya biashara, kaburi. Mwenye mbwa, kaburi. Mji mzima unatuzikia!"

"Ni brauza zao, ña Zunilda. Wafute kumbukumbu, waanze upya."

Siku tatu nzima watu walifuta kumbukumbu. Mwenye bucha, don Eleuterio, alichoka, akaijaza ile fomu aliyopewa. Penye jina la marehemu aliandika lake. Penye sababu ya kifo, akaandika: nyama ya ng'ombe na ya nguruwe. Fomu haikuwa na pengo hata moja, kwa hiyo ña Zunilda akaigonga muhuri.

Siku ya nne Nimia aliomba kuuona msimbo wa programu. Derlis akamsogezea kiti kwa tabasamu la mtu anayemwonyesha mtoto chumba cha rubani. Nimia alisoma kama dakika kumi.

"Injinia, hapa una kisanduku kimoja tu cha kuwekea huduma, na linki zote zinakitumia hichohicho. Kila ukiongeza linki, unafuta iliyokuwemo, unaweka mpya. Mtu akibofya, linki inafungua kisanduku, inakuta ya mwisho. Na ya mwisho ni maziko. Kila linki ipewe huduma yake."

Sote tukamgeukia Derlis.

"Nilijua," Derlis akasema. "Nilitaka kuona nani atagundua."

Nimia alihamisha mstari mmoja. Wachumba wakafunga ndoa. Kumfufua don Eleuterio kwenye daftari kulichukua muda zaidi.

Miezi miwili baadaye Derlis alialikwa mji mkuu, Asunción, kuhutubia mkutano wa wanaprogramu. Alionyesha kosa lile ukutani, akalihusisha na "mtaalamu mmoja mchanga wa ofisini kwetu", kisha akaeleza alivyomwokoa. Wakati wa maswali mwanamke mmoja akasimama safu ya nyuma. Alikuwa amepanda basi la alfajiri.

"Naitwa Nimia Roa, masjala. Huyo mchanga ana miaka arobaini na saba, na ndiye aliyeshika kipaza sauti hapo jukwaani."

Walicheka mpaka mwenyekiti akatangaza mapumziko. Novemba kampuni moja ya pale Asunción ikamwajiri Nimia. Tukimtaja, Derlis hufyonza tereré yake, chai ya baridi, taratibu, kisha hutukumbusha kwamba yeye ndiye aliyemfundisha.