Uso wa Mateka

Mimi huwakemea hadharani vijana wasiowapisha wakwe zao njiani. Tangu nioe, kwa kuiheshimu desturi yetu, sijapata kumtazama mama mkwe wangu usoni.

Watu wa Kishapu walipoigiza vita vya kale, niliwapiga picha, kisha nikamwalika nyumbani Bwana Salumu, mpiga picha wa mjini, azikosoe.

“Watu wako wadogo kama siafu, Baba Salome, uwe unasogea! Ila huyu bibi aliyeigiza mateka umempata barabara.”

“Alijifunika kaniki usoni,” nikajigamba. “Nikamfunua kwa mkono wangu, nikamshika kidevu, nikamgeuza juani.”

Mke wangu, aliyekuwa akitumiminia kahawa, akainama kuitazama picha. Birika likamponyoka.

“Baba Salome! Umemshika mama kidevu?”