Zulia la Baba na Ukungu wa Masika

Enzi zetu sie watoto wa Mwananyamala, jua lilikuwa na kazi. Masika ikikatika, asubuhi ya kwanza mbingu inapofunguka, mama alikuwa anatuamsha kwa maneno yale yale: "Toeni vitu nje, nyumba ipumue!" Basi, hakuna kucheza rede wala kombolela mpaka vyote viwe uani. Magodoro ya sufi tuliyaegemeza ukutani tukayatandika fimbo, kila mtu akimkumbuka kimoyomoyo mwalimu wake wa hesabu. Kanga zilijaa kambani, mito ikapanda juu ya banda la kuku. Nyumba ilibaki tupu, ukiita unasikia sauti yako inakurudia.

Leo kijana akiona doa jeusi ukutani analipiga picha, anaingia mtandaoni kuuliza, "Wadau, hii ni nini?" Mwanangu, huo ni ukungu. Fungua dirisha.

Mama hakuwa na dawa ya kopo. Kuta zilipakwa chokaa kila Ramadhani ilipokaribia. Ndani ya kabati alitundika vipande vya mkaa kwenye kitambaa vinyonye unyevu, vikishalowa vinaanikwa, kisha vinarudi kazini. Kona iliyoota doa tuliisugua kwa ndimu na chumvi, na ole wako uwe na kidonda kidoleni! Alhamisi jioni ilikuwa zamu ya chetezo. Nguo zinatandazwa juu ya kapu lililopinduliwa, ubani na udi vinafuka chini yake, nasi tunakohoa na kucheka. Kesho yake darasani unanukia kama bwana harusi.

Halafu ikaja ruksa, serikali ikaachia watu waagize bidhaa nje. Vitu vya Dubai vikamwagika mjini, na baba, aliyekuwa na kiduka cha vyombo, akaona naye asiachwe nyuma. Akaleta zulia jekundu, zito, la ukuta mpaka ukuta. Akapaka rangi ya mafuta juu ya chokaa ya mama. Madirisha ya nyavu yakang'olewa, vikaja vioo na mapazia mazito. Zikafuata amri. Chetezo marufuku, kinatia masizi. Dirisha lisifunguliwe, vumbi litaingia kwenye zulia. Watoto tusikanyage. Tulikuwa tunasimama mlangoni tunalitazama zulia letu kama watu waliokuja kutembea.

"Baba Mwanaidi, nyumba itavunda hii," mama alisema.

"Huo ushamba, mama Mwanaidi. Dunia imebadilika!"

Masika ilipoingia, dunia ikaonyesha ilivyobadilika. Kuta zilitoka jasho. Zulia ukilikanyaga linatoa maji. Nyuma ya kochi ukungu ukatambaa mpaka usawa wa kichwa, na harufu yake inakupokea kabla ya mwenye nyumba. Baba akanunua manukato ya kupuliza. Tukawa na uvundo uliojitia marashi.

Tungevumilia tu, maana sie watoto tulishazoea kupiga chafya. Lakini dada yangu Mwanaidi, mkubwa wetu, alikuwa amependana na kijana wa Temeke aitwaye Salehe, na wakubwa wa Salehe wakatuma salamu kwamba Jumapili baada ya adhuhuri wanakuja kuposa. Msafara ungeongozwa na shangazi yake, Bi Zuwena. Huyu mama pua yake ilijulikana Temeke nzima. Alishavunja posa moja Keko kwa sababu ya mto wa kochi. Alikalia, akanusa, akaaga.

Dada alilia wiki nzima. Alimpigia baba magoti zulia litolewe, madirisha yafunguliwe. Baba akagoma. "Watu wanakuja kuona zulia, wewe unataka nilitoe? Una akili kweli?"

Jumapili asubuhi jua likachomoza, la kwanza baada ya siku nyingi. Baba akaoga, akaenda kabatini kutoa suti yake, mtumba wa daraja la kwanza aliouhifadhi kwa siku kama ile. Akakawia. Tukachungulia. Alikuwa amesimama na singlendi na msuli, ameshika koti lililoota ukungu wa kijani mabega yote mawili. Akalinusa. Akatazama ukuta, akatazama zulia. Sijawahi kumwona mwanamume kanyong'onyea vile, roho iliniuma.

"Mama Mwanaidi," akasema polepole, "kamba iko wapi?"

Ilikuwa vurugu! Zulia tulilivuta ukoo mzima. Makochi nje, mapazia nje, madirisha wazi, chetezo kikawashwa baada ya mwaka mzima wa kifungo. Tulijipa moyo kwamba mpaka adhuhuri tutakuwa tumemaliza. Hatukujua kuwa Bi Zuwena alikuwa na tabia ya kuwahi makusudi.

"Hodi!" Na wameshaingia uani. Wakamkuta baba na singlendi yake, vumbi kichwa kizima, anatwanga zulia kwa ubao wa kitanda. Dada akajificha nyuma ya godoro, akaninong'oneza, "Nimekwisha mie."

Bi Zuwena hakumsalimia mtu. Akapita kambani, akashika kanga, akainusa. Akageuza mto. Akachungulia ndani, moshi wa ubani ukampiga usoni. Akalifikia zulia, akaliinamia. Dada alikuwa ameniminya mkono mpaka ukafa ganzi.

"Kumbe bado wapo watu wanaoanika!" akasema Bi Zuwena. "Sie tulipotoka, vyetu vimelala ndani vinanuka, kila mtu anaona aibu kutoa nje. Binti wa nyumba hii namchukua." Kisha akamgeukia baba. "Na upande wa pili nao upige, baba."

Baba akaupiga. Na kila mwaka masika ikikatika aliupiga, mpaka mikono yake ilipochoka. Sasa wametangulia wote, yeye na mama, na ile harufu ya chokaa mbichi sijaisikia tena popote.

Juzi juzi nilikwenda na dada Goba, kwa mwanawe. Nyumba nzuri, zimejengwa pamoja ndani ya geti moja, na kuanika nguo nje hakuruhusiwi, eti kunaharibu mandhari. Madirisha yamefungwa mwaka mzima kwa ajili ya kiyoyozi. Kabatini kuna mfuko mdogo wenye utepe, umeletwa na pikipiki.

"Ni ya asili kabisa, mama," kijana akajigamba. "Inazuia ukungu."

Dada akaufungua. Mkaa. Akaurudisha taratibu, akapiga chafya, akatazama doa jeusi lililokuwa linatambaa juu ya pazia.

"Mwanangu," akasema, "angeingia humu Bi Zuwena siku ile, wewe usingezaliwa."

Kijana akacheka. Kisha akainuka kwenda dirishani, akahangaika na kitasa kwa muda, hajui kinafungukia upande gani.