Nyufa za Dhahabu Kwenye Jani la Bibi

Admin nifiche jina, Tukuyu ni ndogo. Nina miaka 17, msichana, niko kidato cha tano, naishi Msasani ya hapa hapa Tukuyu na mama. Mimi ni mtu wa aibu, darasani sinyooshi mkono hata nikiwa na jibu. Ila hili limenikaa kooni kama nimemeza nzi.

Mwalimu wetu wa baiolojia, tunamwita Sir, alinipeleka maabara moja ya mbali tukapige picha majani ya viazi ya bibi yangu wa Isongole, yalikuwa yameanza kukunjamana. Kule kuna hadubini ya elektroni. Jani likishakaushwa, lazima kwanza lipakwe dhahabu kwenye mashine, utando mwembamba ajabu, la sivyo picha inawaka weupe tupu. Fundi wa maabara alinielekeza, akatoka. Mimi nikadhani dhahabu ikizidi ndiyo picha itapendeza. Nikaiacha mashine mara tatu ya muda alioniambia.

Picha ikatoka na nyufa kila mahali. Fundi akacheka, "Mdogo wangu, umelipiga plasta! Hizo nyufa ni za dhahabu, jani halina kitu. Rudieni kesho."

Sir akasema, "Kesho gari halipo. Na Isongole nani anajua dhahabu inapasuka?"

Nikaichukua picha hivyo hivyo, nikapanda gari.

Kwenye maonyesho ya shule picha ikabandikwa: UGONJWA MPYA WA VIAZI. Sir aliongea mpaka povu jeupe likaganda pembeni mwa midomo, halafu akanisukuma mbele, "Eleza, binti." Na nikaeleza! Kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili ili bibi aelewe. Tukashinda. Soda ya pongezi niliitapika nyuma ya choo.

Bibi alinishika mikono yote miwili. "Ndaga fijo, asante sana mjukuu wangu. Ningepanda ugonjwa tena!" Sasa anataka kung'oa shamba zima na kuchoma hadi mbegu alizohifadhi. Nilipomwambia Sir, alijibu, "Acha ushamba, tunaenda kushindana mkoani. Ukisema, aibu ni yako. Mashine uliiacha wewe."

Na kweli niliiacha mimi. Nikimwona Sir nabadili njia, nikijiona kwenye kioo nageuza uso. Cheti cha ushindi mama amekitundika sebuleni, juu ya meza ya chakula. Nalala njaa, si kwa kukosa ugali, ila nikikiona mbele ya macho yangu haushuki.

Jumamosi bibi ameniita nikamsaidie kung'oa. Jembe langu keshalinoa. Jamani nishaurini, nitamwambiaje kabla hajang'oa shina la kwanza, mimi ambaye hata hodi naipiga kwa kunong'ona?