Chaki Nne za Prof Antoine

Pita Kenya, ile komini ya Lubumbashi isiyojua kunyamaza, uulize nani anajua kufumua shairi. Watakuelekeza kwa Prof Antoine Chisanga, mwalimu wa Kifaransa wa darasa la sita la sekondari. Amefundisha miaka ishirini na nane, na silaha zake ni chaki nne: nyekundu kwa tashihisi, pale mshairi anapokipa kinywa kitu kisicho na uhai, buluu kwa takriri, kijani kwa taswira, nyeupe kwa mizani. Akimaliza, ubao umejaa rangi kama kitenge, na shairi lenyewe, maskini, halionekani tena. Watoto wanafaulu mtihani wa taifa. Basi nani amlaumu?

Kila mwaka alilirudia shairi moja la zamani la Ulaya, la wale washairi waliopenda kulilia misitu na milima. Kijana anaukata mti wa kale kando ya kijito, bila ruhusa, halafu anashika njia ya nyumbani. Upepo unamuuliza swali lilelile katika kila ubeti. Kisiki kinaugua nyuma yake. Mlima unamwinamia. Mishororo inazidi kuwa mifupi, ndiyo pumzi ya mtu anayekimbia. Hayo yote Antoine angeweza kuyaeleza akiwa amefumba macho.

Wiki ile alikuwa na neno moyoni. Jumatatu dada yake Christiane alimpigia simu kutoka Kasomeno: nkambo Ngosa, bibi yao aliyewalea, anaishiwa nguvu, na Jumamosi anataka kuwabariki wajukuu wake wote kabla hajaondoka. Wote, isipokuwa binamu yao Chola. Chola haitwi pale nyumbani, huu ni mwaka wa arobaini.

Na hapa niseme waziwazi, maana mimi sipendi kuzungukazunguka. Nkambo alikuwa na mti mmoja mkubwa karibu na kaburi la mume wake. Kila mvua za kwanza zikinyesha, mti ule ulijaa binkubala, wale viwavi wanaokaushwa na kuuzwa, na kwa binkubala hao ndio wajukuu walisoma. Desturi yao ilijulikana na kila mtoto: hakuna kugusa kiwavi kabla mwenye ardhi hajaonja wa kwanza, na mti haukatwi kabisa. Unapandwa, unatikiswa, unaachwa usimame kwa mwaka mwingine.

Antoine, miaka kumi na minne, tumbo likimwuma kwa uroho, hakungoja. Adhuhuri moja aliuangusha kwa shoka, akala alichoweza, akajaza kikapu. Mti ulipokuwa chini ndipo akaogopa, akakificha kikapu kichakani. Akamkuta binamu yake Chola njiani, akamwomba amsaidie kubeba shoka mpaka nyumbani. Chola akalibeba, hana habari. Nkambo akamwona nalo mkononi, utomvu bado mbichi kwenye makali. Alisema aliyekata chakula cha ukoo hatasomeshwa na ukoo. Chola alilia, akaapa, hakuna aliyemsikia. Antoine alikuwa pale, amesimama, anatazama miguu yake. Mwaka uliofuata Chola alienda Kasenga kutengeneza mitumbwi ya wavuvi, na shule ikabaki kwa Antoine. Ndiyo hiyo elimu inayomfanya aitwe Prof.

Alhamisi akaliandika tena lile shairi ubaoni. Chaki nyekundu ikapita chini ya upepo, chini ya kisiki, chini ya mlima. Akawauliza wanafunzi wameona nini. Akanyoosha mkono Shalom, binti wa mfanyabiashara mmoja wa Kivu Kaskazini, msichana wa maneno machache.

“Prof, mu hii shairi kila kitu iko inasema. Upepo, kisiki, mulima. Mwenye kukata tu njo hasemi. Juu ya nini?”

Miaka ishirini na nane, na hakuwahi kuliona hilo! Alikuwa amepiga mistari chini ya kila kinywa, asiulize ni kinywa gani hakimo. Aliona aibu, aibu ya kweli, mbele ya watoto arobaini na wawili. Akaweka chaki mezani, akawaambia wasome kimya mpaka kengele.

Jumamosi alifika Kasomeno kabla ya wengine. Nkambo alikuwa amelala kwenye mkeka, mdogo kuliko alivyomkumbuka, macho mazima. Christiane alikuwa pembeni akimpoozea uji. Antoine alipiga magoti. Mkono wa nkambo ulikuwa tayari unanyanyuka kumbariki, naye akaushika kabla haujafika kichwani, akaurudisha chini.

“Nkambo, ule muti, haikuwa Chola. Ni miye njo nilikata.”

Christiane aliacha kijiko. Nkambo aliuliza Chola ana miaka mingapi sasa. Antoine akajibu hamsini na sita. Akauliza kama ana watoto. Watano, akaambiwa, na hakuna hata mmoja anayemjua nkambo. Machozi yakaanza kumtoka yule mama mzee, na Antoine akafungua mdomo aombe msamaha, lakini nkambo hakuwa akimtazama tena.

“Weye ulikata muti,” alisema. “Miye nilikata mutoto.”

Akamwamuru ampigie Chola simu palepale. Akakataa kumbariki mtu yeyote kabla Chola hajafika, akakataa na uji.

Chola alifika kesho yake mchana, juu ya lori la samaki. Antoine alikuwa amesimama uani tangu asubuhi, amejiandaa kwa maneno mengi mazuri. Chola alimpita bila kumsalimia. Alivua viatu mlangoni, akaingia kwa nkambo, akafunga mlango, na Antoine akabaki nje akisikiliza watu wawili wakilia.