Lori Letu Halikuharibika

Nataka ieleweke tangu mwanzo kwamba lori letu halikuharibika mlimani siku ile. Lilisimamishwa. Aliyelisimamisha ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, na alifanya hivyo kwa akili zake timamu, ingawa mkwe alikuwa njiani pamoja nasi.

Shemeji ni dereva asiyependa redio. Anasema inamzuia kusikia. Lori aliachiwa na kaka yake, lenye giaboksi ya otomatiki, na tangu alipokabidhiwa funguo amelitunza kama mgonjwa aliyelazwa. Alifunga geji mbili za ziada kwenye dashibodi: moja ya joto la oili ya giaboksi, nyingine ya presha yake. Ukimsimulia jambo anaitikia "enhe" huku akizitazama. Madereva wenzake wanamwita Nesi, maana kutwa kupima joto na presha. Wakimwona asubuhi humuuliza mgonjwa ameamkaje, naye huwajibu kwamba ameamka salama. Mkewe aliwahi kuniambia kwamba yeye, kwa miaka yote ya ndoa, hajaulizwa kama ana homa.

Siku hiyo tulikuwa tunapeleka vyombo vya binti yangu kwa mumewe: kitanda, kabati, makochi, na vitabu vyake, kwa kuwa kwetu msichana haolewi akaacha vitabu. Wifi yangu, dada yao, alishonesha bango la kitambaa kizito lenye jina la ukoo wetu kwa herufi nyekundu, akalifunga mwenyewe mbele ya lori, kutoka taa hii hadi taa ile. Alisema hatuwezi kwenda kwa wakwe kama watu wasio na kwao. Kisha akapanda gari la mkwe wangu, baba wa bwana harusi, ambaye alitangulia kutuonesha njia. Mimi nilikaa na shemeji.

Katikati ya mlima shemeji akaacha kuitikia. Mshale wa joto ulikuwa umegusa rangi nyekundu. Wa presha ulikuwa unashuka huku ukitetemeka. Akanieleza, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, kwamba oili ikichemka huwa nyepesi, ikiwa nyepesi haisukumi, na sahani za chuma zilizo ndani ya giaboksi huanza kuteleza na kuungua. Tukiendelea vile tungeua giaboksi, na bila giaboksi lori hilo, linalolisha nyumba yake na yangu, lingekuwa banda la kuku. Akaliweka pembeni, akatia nyutro, akakanyaga mafuta kidogo ili oili izunguke ipoe. Basi likasimama pale likinguruma bila kwenda popote, na kila aliyepita aliona lori bovu.

Mkwe alipoona hatutokei akageuza gari. Akateremka, akalizunguka lori, mikono nyuma.

"Mama," akasema, "nina kamba kwenye buti."

Nikamshukuru, nikamweleza kwamba lori linapumzika.

"Ndiyo," akasema. "Hata la kwangu lilianza kwa kupumzika."

Joto halikushuka. Shemeji akaenda kutazama kipoza oili, ambacho kiko mbele kabisa, upepo unapoingilia. Hakukiona. Aliona jina letu. Akaweka kiganja juu ya kitambaa, akakitoa upesi, akaja dirishani kwangu.

"Shemeji, bango limeziba pumzi. Nifungue?"

Nilimtazama mkwe. Alikuwa anasoma bango. Tukilitoa tungeingia kwake kama lori la kukodi. Tukiliacha tungeingia tukivutwa.

"Fungua," nikasema. "Lakini usilikunje."

Mafundo ya wifi yalifunguka kwa shida. Halafu shemeji akarudi kwenye usukani, mkwe akapanda kwenye kipandio akaingiza kichwa dirishani, tukazitazama geji wote watatu. Mshale wa joto ukasita, ukaanza kurudi. Wa presha ukanyanyuka, ukaacha kutetemeka. Mkwe akauliza huu ni wa nini na ule ni wa nini, na shemeji, ambaye kwa kawaida hana maneno, akamweleza mpaka ikabidi niwakumbushe kwamba binti anasubiri kitanda.

Bango tulilifunga nyuma, kwenye mlango wa bodi. Wifi hakupendezwa.

"Nyuma? Kwa hiyo watatujua tukiwa tunaondoka?"

Shemeji akamwambia aingie garini.

Tulipofika getini kwa mkwe, shemeji aligeuza lori barabarani, akaanza kuingia uani kinyumenyume, polepole, jina la ukoo likitangulia na sisi tukilifuata. Mkwe alitembea nyuma akimwelekeza kwa mkono, kwa sababu macho ya shemeji yalikuwa kwenye geji. Majirani walisimama kutupisha. Walidhani ndivyo ukoo wetu unavyoingia kwa watu, na sijaona sababu ya kuwasahihisha.