Mahindi Yangu Yaliposomwa Kichiwa

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri na msiruke mistari. Mimi niliishia darasa la pili. Nimeandika taratibu, na ninyi someni taratibu.

Safari yenyewe ilikuwa ya kutoka hapa Makambako kwenda Kichiwa, njia ya Njombe. Si mbali, lakini niliingoja mwaka mzima. Kila kiangazi, mavuno yakishaingia ndani, marafiki wanne tulikutana siku nne shambani kwa Mama Lusungu. Tulijuana tangu usichana, enzi za kulimiana kwa zamu, kazi tunayoiita mgowe. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, maduka yamejaa, lakini mbolea imepanda bei hata watu wanaipita wakiiangalia tu. Mama Lusungu hakuwa na habari nayo. Yeye alilima kwa samadi na majani yaliyooza, na alivuna.

Tulikuwa na desturi moja kali. Kila mmoja analeta mbegu, anawagawia wenzake. Mwaka unaofuata anasimama mbele yao anasomewa: mbegu yako imefanya hivi na hivi. Huruhusiwi kujibu mpaka wamalize, isipokuwa ukiulizwa. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimewapelekea mahindi meupe, punje nene zimebanana. Mama Neema, mmoja wetu, aliyapenda mno, akasema atayapanda shamba lake lote. Basi safari hii nilikuwa nakwenda kusikia amejaza magunia mangapi.

Alhamisi asubuhi nilipanda lori la Bwana Seifu, jirani yetu mtu wa Tabora, aliyekuwa anakwenda Njombe kupakia viazi. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya.

"Mama Yohana, unakwenda kwa mchumba?" akaniuliza.

"Nakwenda kusifiwa. Endesha."

Tulipoiacha Makambako baridi ikazidi. Ukungu ulikuwa umelala kwenye miti ya miwati, na kila kilima tulichopanda nilikiona kirefu kuliko mwaka jana. Nilimwambia Bwana Seifu akanyage mafuta. Akasema lori ni lake. Miguu yangu haikutulia.

Saa nne nilishuka, nikaingia njia ya vumbi kwa miguu. Mama Tumaini, yule anayeuza mboga soko la Njombe mjini, alikuwa amefika kabla yangu.

"Kamwene," nikawasalimu.

"Kamwene, bibi harusi," akajibu Mama Tumaini. "Kitenge hicho utakilimia?"

Nilikilimia. Sikuweza kukaa ndani. Mama Lusungu alikuwa amechimba makinga maji mapya kukatisha mteremko, kingo zake zimepandwa majani marefu ya kushika udongo. Nyuma ya zizi lilikuwepo rundo la mboji linafuka moshi kwenye baridi ile. Niliingiza mkono nikautoa upesi, maana ndani kulikuwa moto kama uji uliotoka jikoni. Nikateremka mbio mpaka bondeni kwenye vinyungu, bustani zetu za kiangazi. Kote kumekauka, pale kabichi zimejifunga, kijani kitupu. Mtu mzima mimi, nilicheka peke yangu.

Ijumaa tulifanya kazi kutwa nzima, kukata majani, kubeba samadi, kupanga rundo jipya. Mama Neema, anayekaa kilima cha pili, alikuja na jembe lake. Alifanya kazi vizuri, ila na mimi hakusema. Nikadhani meno yanamuuma.

Jumamosi baada ya chai nikasimama mbele yao. Nilikuwa nimejifunga kitenge upya.

Mama Lusungu akaanza. "Niliyapanda kipande cha nyuma ya jiko. Mengine yamenifika kiunoni, mengine yamepita paa."

"Ni kama kwaya yetu," akasema Mama Tumaini. "Kila mtu na kimo chake, kila mtu na sauti yake, na wengine hawafungui kinywa kabisa."

Nikacheka nao. Kisha ikawa zamu ya Mama Neema, na hakuna aliyecheka.

"Nilipanda shamba lote. Nimepata magunia mawili. Mwaka juzi, kwa mbegu yangu, nilipata saba. Nina wajukuu watano ndani." Akaniangalia. "Mbegu ile uliitoa wapi?"

"Kwenye mavuno yangu. Nilichagua mahindi mazuri kuliko yote."

"Na mavuno hayo yalitokana na nini?" akauliza Mama Lusungu.

"Mbegu ya dukani. Ya mfuko."

Mama Lusungu akashika kichwa. "Ile hupandwa mara moja, mama. Ukipanda watoto wake, kila mmoja anashika njia yake. Na wewe mwaka huu ulipanda nini?"

Nikaangalia kitenge changu. "Mwanangu Yohana aliniletea mfuko mpya."

"Kwa hiyo wewe umevuna mama," akasema Mama Neema, "mimi nimevuna watoto."

Wakamaliza. Nikaruhusiwa kujibu. "Nimekosa. Sikujua, lakini nimekosa."

"Kutojua kwako hakunisongei ugali," akasema Mama Neema, akaenda kuosha vyombo.

Nilimfuata. Tuliosha vyombo vyote pamoja.

Jumapili, baada ya ibada, Mama Lusungu alinipa mbegu ya kienyeji, mahindi ambayo hata bibi yake aliyalima, ili nianze upya. Mama Neema ndiye aliyenisindikiza barabarani.

"Mwakani utakuja?"

"Nitakuja kabla ya mwakani."

Basi lilipokuja nilipanda kama msichana, maana nilikuwa nimekwisha kuamua, na nilitamani lifike mara moja.

Nilichojifunza ni hiki. Ukimpa mtu mbegu umempa chakula cha mwaka mzima, basi ujue ulichoshika mkononi kabla hujakigawa. Mfuko ule ulikuwa na maandishi ya kuonya. Mimi niliugeuza wa kuwekea chumvi bila kuusoma.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu. Sikukaa. Nikawaita Yohana, mkewe na watoto wote uani, nikawaambia watoe ghalani magunia matano ya mahindi, wayashone midomo, yapelekwe Kichiwa kesho yake na gari la kwanza, na mimi nitakuwa juu yake.

"Na sisi, mama?" akauliza mke wa Yohana. "Yatabaki mawili."

"Viazi vipo, maharage yapo. Humu ndani ugali utasongwa Jumapili tu mpaka mahindi mabichi yatoke. Anayeutaka siku nyingine aende kwa Mama Neema akamwombe. Haya, leteni sindano."